James Murray (mwanabiolojia)

James Murray (Glasgow, 21 Julai 1865 – Bahari ya Aktiki, Februari 1914) alikuwa mwanabiolojia na mpelelezi kutoka Uskoti. Anajulikana hasa kwa utafiti wake juu ya rotifa na dubu-maji, yaani wanyama wadogo sana ambao huchunguzwa kwa hadubini. Alikuwa mwanabiolojia wa msafara wa Ernest Shackleton uliokwenda Antaktiki katika miaka 1907 hadi 1909. Huko aligundua kwamba maziwa madogo yanayoganda karibu mwaka mzima yamejaa viumbe hai.

Majaribio yake yalionyesha kwamba wanyama hao wanaweza kukaushwa, kugandishwa na kupashwa moto mkali bila kufa. Jambo hilo ni la msingi katika kueleza jinsi upepo unavyoweza kuwabeba kutoka mahali pamoja hadi pengine katika maeneo ya ncha za dunia. Murray mwenyewe alifariki katika Aktiki akiwa na umri wa miaka 48, baada ya meli ya Karluk kuzamishwa na barafu.

Maisha ya awali na kazi katika maziwa ya Uskoti

Murray alizaliwa katika jiji la Glasgow. Mwaka 1902 aliajiriwa katika mradi wa kupima vina vya maziwa ya maji matamu ya Uskoti. Mradi huo uliongozwa na Sir John Murray, mtaalamu maarufu wa elimu ya bahari. Ingawa majina yao yanafanana, hao walikuwa watu wawili tofauti, na mara nyingi huchanganywa.

Mradi ulianzishwa na Sir John Murray pamoja na kijana Frederick Pullar. Mwaka 1901 Pullar alizama katika ziwa la Airthrey alipojaribu kuwaokoa watu waliotumbukia baada ya barafu kuvunjika. Baba yake, Laurence Pullar, aligharimia kazi hiyo iendelee kwa kumbukumbu ya mwanawe. Hatimaye maziwa 562 yalipimwa.

Kazi ya James Murray ilikuwa kukusanya na kutambua viumbe wa maziwa hayo. Alivutwa zaidi na wanyama wanaoishi katika matope, mwani na mimea ya jamii ya mosi iliyolowa maji. Mwaka 1905 alitoa makala juu ya dubu-maji wa maziwa ya Uskoti. Mwaka 1907 alieleza kisayansi spishi mpya ya dubu-maji na kuipa jina la Pullar. Leo inaitwa Murrayon pullari. Katika miaka hiyo michache alikuwa mmoja wa wataalamu wachache duniani waliowajua vizuri rotifa na dubu-maji kwa pamoja.

Wanyama aliowachunguza

Rotifa kwa kawaida wana urefu wa kati ya mm 0.1 na 0.5. Kichwani wana duara za nyuzi fupi zinazopiga maji mfululizo, hata zikaonekana kama magurudumu yanayozunguka. Jina lao la kisayansi linatokana na mwonekano huo. Kundi alilolipenda Murray ni Bdelloidea, ambao hutambaa kama ruba kwa kujikunja na kujinyosha. Katika kundi hilo hajapatikana dume hata mmoja: wote ni majike, na kila mmoja anaweza kuzaa bila kupandwa.

Dubu-maji wana miguu minane mifupi yenye kucha na kwa kawaida hawazidi urefu wa mm 1. Jina lao limetokana na mwendo wao wa polepole unaofanana na ule wa dubu.

Makundi hayo mawili yana uwezo wa pekee. Maji yanapokauka, mnyama hujikunja, hupoteza karibu maji yote ya mwili wake na kuwa kama chembe ya vumbi. Hali chakula, hapumui kwa namna inayoweza kupimwa kwa urahisi, wala hakui. Akipata maji tena, huvimba, hujinyosha na kuendelea na maisha, pengine baada ya miaka mingi. Antonie van Leeuwenhoek wa Uholanzi aliona jambo hilo mwaka 1702 alipolowesha vumbi kavu lililotoka katika mfereji wa paa la nyumba. Miaka mia mbili baadaye Murray alilichunguza katika mahali penye baridi kuliko pote duniani.

Antaktiki, 1908–1909

Murray alijiunga na msafara wa Shackleton uliosafiri kwa meli ya Nimrod. Meli iliondoka Lyttelton, New Zealand, tarehe 1 Januari 1908. Watu 15 walishuka na kujenga kibanda cha mbao huko Cape Royds, kwenye Kisiwa cha Ross, chini ya volkeno ya Erebus. Murray, aliyekuwa na umri wa miaka 42, alikuwa miongoni mwa wazee wa kundi hilo. Shackleton alipoondoka kuelekea Ncha ya Kusini mwishoni mwa Oktoba 1908, alimwachia Murray usimamizi wa kambi.

Wenzake walitafuta umaarufu mbali na kambi. Wengine walipanda Erebus. Edgeworth David, Douglas Mawson na daktari Alistair Mackay walifika eneo la ncha ya sumaku ya kusini. Shackleton na watu wake watatu walifika latitudo 88°23' kusini tarehe 9 Januari 1909, wakarudi kwa kuhofia kufa njaa. Murray alibaki na maziwa madogo yaliyo karibu na kibanda. Wakati wa baridi kali maziwa hayo huganda, mengine hadi chini kabisa.

Katika ziwa moja waliloliita Blue Lake, yaani Ziwa la Buluu, walichimba shimo katika barafu lenye kina cha zaidi ya mita 4 hadi wakafika chini. Humo walitoa utando wa mwani uliogandamana na barafu. Barafu hiyo ilipoyeyushwa kibandani na kutazamwa kwa hadubini, rotifa walionekana wakianza kutembea na kula. Walikuwa wamefungwa ndani ya barafu isiyoyeyuka hata majira ya joto.

Aliyepatikana kwa wingi zaidi alikuwa rotifa mwekundu ambaye Murray alimwita Philodina gregaria. Wanyama hao hukusanyika pamoja kwa idadi kubwa sana, kiasi kwamba mawe yaliyo chini ya maji huonekana kuwa na madoa mekundu kama ya damu. Mwingine aliyeelezwa na Murray ni Adineta grandis. Spishi hizo mbili hazitagi mayai kama ndugu zao wengi bali huzaa watoto walio hai.

Majaribio ya Murray

Murray alitaka kujua mipaka ya uhai wa wanyama hao, akawajaribu kwa hatua zinazozidi ukali.

Kwanza, vipande vya barafu vyenye wanyama vilikatwa kutoka maziwani na kuachwa nje wakati wa baridi kali kuliko siku zote za mwaka. Vipande vilitobolewa ili kuhakikisha kwamba katikati yake ni baridi sawa na hewa. Wanyama waliokaa katika baridi ya sentigredi 40 chini ya sifuri hawakufa.

Pili, waligandishwa na kuyeyushwa kila wiki kwa muda mrefu, bila kudhurika.

Tatu, walikaushwa na kugandishwa, kisha wakayeyushwa na kuloweshwa. Waliishi.

Mwishoni walikaushwa ndani ya chupa, na chupa hiyo ikatumbukizwa katika maji yanayochemka yaliyoachwa yapoe taratibu. Wengi walinusurika hata hapo.

Kwa mnyama wa kawaida wa majini, lolote kati ya mambo hayo lingekuwa kifo. Murray alionyesha kwamba kwa rotifa wa Cape Royds kuganda na kukauka ni sehemu ya mwaka, kama vile kiangazi kilivyo kwa mimea ya nchi kavu.

Matokeo yake yalichapishwa katika ripoti za kisayansi za msafara. Mwaka 1913 alitoa pia kitabu Antarctic Days pamoja na mchoraji wa msafara, George Marston, kinachoeleza maisha ya kila siku kibandani.

Umuhimu kwa suala la upepo

Ugunduzi wa Murray uliacha swali gumu: wanyama hao walifikaje Antaktiki? Bara hilo limezungukwa na bahari pana, na sehemu kubwa mno ya ardhi yake imefunikwa na barafu. Rotifa wa maji matamu hawezi kuvuka bahari kwa kuogelea.

Kuna majibu mawili makuu. La kwanza ni kwamba wanyama hao ni wakazi wa zamani, waliobaki katika sehemu chache zisizofunikwa na barafu. La pili ni kwamba waliletwa kutoka nje na ndege au upepo. Majaribio ya Murray yanagusa majibu yote mawili, kwa sababu mnyama anayevumilia kuganda anaweza kubaki, na mnyama anayevumilia kukauka anaweza kusafiri.

Usafiri kwa upepo huenda hivi. Katika majira ya joto, kingo za maziwa na vijito hukauka. Mwani na matope hubaki kama magamba membamba yenye rotifa, dubu-maji, minyoo duara na mayai yao ndani yake. Magamba hayo huvunjika na kuwa vumbi. Upepo wa Antaktiki ni mkali mno. Hewa baridi iliyo nzito huteremka kwa kasi kutoka uwanda wa juu wa barafu kuelekea pwani, ikichukua mchanga na vumbi. Chembe zinazotua juu ya jiwe kavu husubiri. Zinazotua ziwani, kwenye kijito au juu ya barafuto zinaweza kupata maji siku jua linapoyeyusha barafu. Kwa rotifa wa kundi la Bdelloidea mnyama mmoja anatosha kuanzisha ukoo mzima, kwa kuwa hahitaji mwenzi.

Juu ya barafuto kuna makazi ya pekee yanayotokana moja kwa moja na upepo. Vumbi jeusi likitua juu ya barafu hunyonya joto la jua kuliko barafu nyeupe iliyo kandokando. Barafu iliyo chini yake huyeyuka na kufanya kishimo chenye maji na tope kidogo. Vishimo hivyo hupatikana Antaktiki na pia upande wa kaskazini, kwa mfano katika barafuto za Greenland na Svalbard. Ndani yake huishi bakteria, mwani, rotifa na dubu-maji. Kwa hiyo upepo huleta vumbi linalotengeneza makazi, na unaweza kuleta wakazi wake pia.

Utafiti wa baadaye ulithibitisha hatua mbalimbali za safari hiyo. Katika mabonde makavu ya McMurdo, ng'ambo ya mlangobahari kutoka Cape Royds, wanasayansi waliweka mitego ya kukamata vumbi linalopeperushwa. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 walionyesha kwamba vumbi hilo lilikuwa na wanyama wa udongoni waliokauka, na kwamba upepo ni njia ya kweli ya kuwasambaza. Katika maziwa ya mabonde hayo utando wa mwani hung'oka chini, hupanda kupitia barafu na kufika juu, ambako hukauka na kuchukuliwa na upepo.

Faida ya upepo ilionekana pia mbali na ncha za dunia. Mwaka 2010 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba rotifa wa kundi la Bdelloidea wanaposhambuliwa na kuvu wa maradhi, wanaweza kujiokoa kwa kukauka na kupeperushwa, kwa kuwa kuvu huyo hawezi kuvumilia ukavu kwa muda mrefu kama wao.

Uvumilivu wa baridi nao umeonekana kuwa mkubwa kuliko Murray alivyoweza kupima. Mwaka 2016 wanasayansi wa Japani walieleza jinsi dubu-maji walivyoamka kutoka katika mosi ya Antaktiki iliyokusanywa mwaka 1983 na kuhifadhiwa ikiwa imegandishwa kwa miaka 30. Mwaka 2021 wanasayansi wa Urusi walitangaza kwamba rotifa wa jenasi Adineta aliamka baada ya kutolewa katika udongo wa Siberia uliokuwa umeganda kwa miaka 24,000 hivi.

Hata hivyo, upepo haumaliziki kuwa jibu la kila kitu. Kama ungewatawanya wanyama hao kote bila kizuizi, spishi za Antaktiki zingekuwa zilezile za mabara mengine. Uchunguzi wa maumbile na vinasaba uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya rotifa wa kundi la Bdelloidea walioko Antaktiki hawapatikani kwingine. Philodina gregaria na Adineta grandis wa Murray ni miongoni mwao. Inaonekana kwamba wengi ni wakazi wa zamani sana, na kwamba upepo huwahamisha zaidi ndani ya eneo lao, kutoka ziwa hadi ziwa na bonde hadi bonde, kuliko kuwavusha bahari. Kuvuka bahari hutokea kwa nadra, na anayefika sharti apate maji, chakula na nafasi ya kuishi.

Bolivia, 1911

Baada ya kurudi Uingereza, Murray alishiriki katika uchunguzi wa viumbe wa Kisiwa cha Clare nchini Eire, akaandika taarifa juu ya dubu-maji na rotifa wake. Mwaka 1911 alijiunga na msafara wa Percy Fawcett katika misitu ya mpaka wa Bolivia na Peru, kwenye Mto Heath.

Safari hiyo ilikuwa mbaya kwake. Hakuwa na mazoea ya joto la msituni, alidhoofika kwa maradhi na vidonda vilivyoingiwa na mabuu, akashindwa kwenda kwa mwendo wa wenzake. Yeye na Fawcett waligombana vikali. Mwishowe Murray aliachwa njiani apate kurudi. Alipona, lakini alibaki na uchungu juu ya jinsi alivyotendewa.

Msafara wa Karluk na kifo

Mwaka 1913 Murray aliajiriwa kuwa mtaalamu wa bahari katika Msafara wa Aktiki wa Kanada, ulioongozwa na Vilhjalmur Stefansson. Alikutana tena na Alistair Mackay, mwenzake wa Cape Royds, aliyekuwa daktari wa msafara. Wote wawili walisafiri kwa meli ya Karluk, chini ya nahodha Robert Bartlett. Iliondoka Esquimalt, Kanada, mwezi wa Juni.

Agosti 1913 meli ilinaswa na barafu kaskazini ya Alaska. Tarehe 20 Septemba Stefansson aliondoka na watu wachache akisema anakwenda kuwinda. Dhoruba ikaisukuma barafu pamoja na meli kuelekea magharibi, na Stefansson hakurudi tena melini. Kwa miezi kadhaa Karluk ilichukuliwa na barafu kuelekea Siberia. Murray aliendelea kufanya kazi, akivua viumbe wa sakafu ya bahari kupitia matundu ya barafu.

Tarehe 10 Januari 1914 barafu ilitoboa meli, na siku iliyofuata ikazama. Watu 25, wakiwemo familia ya Wainuiti yenye watoto wawili, walibaki kambini juu ya barafu ya bahari katika giza la majira ya baridi.

Bartlett alitaka kusubiri mwanga uongezeke kabla ya kuelekea Kisiwa cha Wrangel. Murray, Mackay na mwanaanthropolojia Mfaransa Henri Beuchat hawakukubaliana na mpango huo. Mackay na Murray walikuwa wamewahi kuishi Antaktiki na waliamini kwamba wangeweza kujitegemea. Walitia saini barua ya kusema wanaondoka kwa hiari yao, wakapewa vyakula, na tarehe 5 Februari 1914 waliondoka pamoja na baharia Stanley Morris. Hawakuchukua mbwa, walivuta sleji yao wenyewe.

Siku chache baadaye watu waliokuwa wakirudi kambini waliwakuta njiani. Beuchat alikuwa ameganda mikono na miguu na hakuweza kuendelea. Morris alikuwa amejijeruhi mkononi kwa kisu. Murray na Mackay walikuwa wamechoka sana lakini walikataa kurudi. Hawakuonekana tena. Baadaye ilipatikana skafu ya baharia katika barafu, na inadhaniwa kwamba wote wanne walikufa kwa baridi au kuzama barafu ilipopasuka.

Bartlett na kijana Mwinuiti aitwaye Kataktovik walitembea hadi pwani ya Siberia kutafuta msaada. Waliobaki hai katika Kisiwa cha Wrangel waliokolewa Septemba 1914. Kati ya wale 25, watu 11 walikufa.

Urithi

Sehemu kubwa ya kazi ya Murray ilifanyika katika muda wa miaka kumi na miwili tu. Spishi nyingi za rotifa na dubu-maji bado zinaandikwa jina lake baada ya jina la kisayansi, kuonyesha kwamba ndiye aliyezieleza kwanza. Mwaka 1988 jenasi ya dubu-maji Murrayon iliundwa na kupewa jina lake.

Kibanda cha Cape Royds bado kimesimama na kinatunzwa kama mahali pa kihistoria. Maziwa yaliyo karibu nacho huganda na kuyeyuka kama zamani, na Philodina gregaria bado wanaishi humo. Watafiti wa leo wanaofuatilia safari za wanyama wadogo katika upepo wa ncha za dunia huanzia mara nyingi kwenye orodha na majaribio aliyoyaacha Murray.